Kitamu Huwekwa Mwisho

Kambi ya Barabara,
14 Januari

Mdogo wangu Mwalimu,

Kama hii imekukuta mzima, jua kwamba mimi ni mzima zaidi, maana mpishi hana ruhusa ya kuumwa. Akiumwa, kambi nzima inalala njaa, na mainjinia hawana subira na mgonjwa. Nimenenepa. Mkanda niliokuja nao nimemgawia fundi mwashi. Mama mwambie magoti yake nayasalimia moja moja, la kushoto kwanza kwa kuwa ndilo lenye kelele.

Huku sifa zangu zimevuka mto kabla ya barabara. Juzi alikuja mkubwa mmoja wa kampuni, mtu aliyekula kwenye hoteli za nusu ya dunia, akaonja maharage yangu akaweka kijiko chini. Nikamuuliza kama chumvi imezidi. Akasema amemkumbuka mama yake. Mtu mzima na kofia yake ya chuma, machozi yanadondokea kwenye sahani! Nikamwambia akalie pembeni, asiniharibie kipimo cha chumvi.

Nimecheka na hilo jambo lenu jipya, la kila mwalimu kusimama mstarini Jumatatu na kuipigia debe riwaya anayoipenda. Hata mwalimu wa hesabu? Nilidhani mtu wa hesabu akipewa hadithi anafungua nyuma kutafuta majibu. Ila umenivunjia heshima, hukuniuliza mimi. Ni kweli shule niliiachia darasa la sita, tena niliiacha yenyewe ikinililia, lakini riwaya moja nimeisoma, na nikisema nimeisoma nimeisoma. Ilinichukua mwaka. Wenzangu wanasoma kumi na kusahau kumi.

Haya, la maana. Unasema binti yangu Chiriku anajigonga kwenye meza, na akisoma pua inagusa karatasi. Huyo anataka miwani tu. Mpeleke kwa daktari wa macho, mchagulie fremu nyekundu, atajiona malkia. Macho ya msichana wa miaka kumi na sita hayaharibiki, yanachoka tu kwa kuchungulia mambo yasiyomhusu. Tangu mama yake atutoke, wewe ndiye mama na mimi ni baba wa barua, hilo nalijua na nalishukuru. Mwambie baba wa barua anakuja mwaka huu, na uso wake ni uleule, umeongezeka tu.

Kaka yako,
mpishi wa mataifa


Nyumbani,
22 Februari

Kaka,

Salamu zako zimefika, na goti la kushoto limezijibu kwa kugoma kabisa. Mama sasa anatembea kwa kushika ukuta, huku akimlaumu fundi aliyejenga nyumba. Kila akinywa chai ya asubuhi anauliza utakuja lini. Paa la jiko tumelibadilisha. Sisi wengine hatujambo.

Chiriku wako ni yuleyule, mdomo wake hauna likizo. Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu ya mwalimu wa hesabu. Hatujawahi kumsikia akisema sentensi isiyo na namba, lakini alisimama mbele ya shule nzima akaieleza riwaya yake ya upelelezi, ya mwanamke anayemtafuta aliyemuua mume wake mpaka nywele zake zikawa nyeupe, na alipofika katikati sauti ikamkatika. Wasichana walimpigia makofi mpaka akakimbilia ofisini. Mkuu wa shule naye alikuja na kitabu kinene kuhusu kijana mwenye tabia njema, akatusomea maneno ya jalada la nyuma. Sote tulijua hajakifungua. Sasa walimu wamekuwa kama wauza nguo sokoni, kila mmoja anamvuta mtoto mkono, chukua hiki binti, hutajuta. Na Chiriku, asiyejua kumwambia mkubwa hapana, amechukua vyote. Amevipanga kando ya kitanda kama matofali.

Nilimpeleka. Daktari alimpima asubuhi nzima, kisha akamwambia akasubiri nje kwenye benchi, akafunga mlango. Kaka, si miwani. Mishipa inayobeba mwanga nyuma ya macho inakufa, na ikishakufa haifufuki. Anasema mwaka hautageuka kabla hajaacha kuona maandishi ya kitabu. Huenda akabaki na mwanga na vivuli, huenda hata hivyo visibaki. Nilimuuliza tena na tena kama hakuna dawa, na kila mara alinijibu kwa upole zaidi. Huo upole ndio ulionimaliza.

Nilipotoka nilimkuta anamsimulia mlinzi wa hospitali mwanzo wa ile riwaya ya upelelezi, mlinzi amesahau geti. Akaniuliza, "Shangazi, fremu nyekundu zipo?"

Nikasema zimeagizwa.

Niambie nifanye nini. Nimwambie? Mimi ni shangazi tu. Wewe ndiye baba.

Dada yako


Kambi ya Barabara,
19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka dizeli, kwa sababu ililetwa na dereva wa lori la mafuta, yule tunayemwita Breki kwa kuwa lori lake halina. Ni mtu mwema. Anakula sahani tatu na kusema hana njaa. Mwambie Mama fundi wa nyumba hana kosa, ukuta ndio ulioona aibu kumwangusha. Huku mvua imeanza, matope yanafika magotini, na juzi nyani aliingia stoo akala sukari, akatoka anacheza. Tulicheka mpaka injinia mkuu akasema kazi ilale.

Kuhusu lile jambo. Madaktari nawafahamu. Mmoja aliniambia niache kuonja chakula, mimi mpishi, kwa ajili ya presha. Nimeonja kila siku tangu hapo na bado natembea. Wanajua mengi lakini hawajui yote.

Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Neno kama hilo haliandikwi wala halitumwi na lori, linatoka kwa baba, uso kwa uso, mkono begani. Aprili lami ikifika mtoni napewa likizo, nakuja moja kwa moja. Mama asijue, atafunga na kulia na magoti yatamshinda. Walimu ndiyo kabisa, maana siri ya chumba cha walimu ni tangazo.

Nimempa Breki ile riwaya yangu akuletee. Iliachwa hapa na mpima ardhi aliyehamishwa, nikaikuta chini ya gunia la viazi. Ni habari za mtu mwenye nyumbu aliyepewa kazi ya kuvusha kioo kikubwa kama mlango juu ya milima, akipeleke kwa bibi harusi ambaye hajawahi kumwona. Kila kijiji anachopita watu wanatoka kujitazama, na kila mtu anaona la kwake. Kuna bibi mmoja anajiangalia kisha anaenda kuomba radhi kwa jirani. Mdogo wangu, mimi mtu mgumu, niliyetembea, niliyeona miji, pale niliweka mwiko chini. Nilisoma jikoni, kidole kwenye mstari, neno moja moja kama anayechambua mchele. Kurasa zenye madoa ya mchuzi ndizo nilizozipenda. Mwisho wake sikuambii, ila siku ile niliunguza maharage.

Mwambie Chiriku kitabu cha baba ni kitamu kuliko vyote vya walimu wenu vikichanganywa kwenye sufuria moja.

Kaka yako


Nyumbani,
3 Mei

Kaka,

Mama hajambo ila ameanza kusahau, jana aliniita kwa jina la marehemu shangazi yetu na mimi nikaitika. Mvua huku imekatika mapema. Breki alifika, akala, akasema hana njaa.

Aprili imepita. Mama alitandika kile kitanda chako, na sasa shuka limeshika vumbi.

Kitabu chako nilimpa Chiriku mwenyewe, na nikamwambia neno kwa neno ulivyosema, kwamba ni kitamu kuliko vyote. Alikinusa. Alisema kinanuka vitunguu, kinanuka baba. Akakibusu. Halafu nikaona mkono wake ukiinua lile rundo lote la vitabu vya walimu na kukisukuma cha kwako chini kabisa.

Nilimuuliza mbona huko chini. Akanishangaa. "Shangazi, si baba mwenyewe alinifundisha? Kitamu huwekwa mwisho."

Unakumbuka? Alikuwa hajafika hata kimo cha meza, wewe unamwekea kipande cha nyama kwenye ukingo wa sahani na kumwambia amalize kwanza vya kawaida, ili aondoke mezani na ladha nzuri mdomoni. Mpaka leo anakula hivyo. Wenzake shuleni wanamtania, kuna siku mmoja aliinyakua ile nyama akakimbia nayo, na yeye akacheka tu. Ulimfundisha vizuri. Ningejua, ningekukata mkono.

Anasoma ya mwalimu wa hesabu, taratibu, kwa sababu anasema maandishi ya siku hizi ni madogo. Chai anaimwagia nje ya kikombe na kulaumu kikombe. Kila asubuhi nafungua mdomo, nakumbuka neno lako, naufunga. Walimu bado wanamletea vingine. Wa jiografia amemletea kimoja chenye juzuu mbili. Ninawaona wanatabasamu wakimpa, na mimi nasimama hapo kama mtu anayetazama maji yakimwagwa jangwani.

Njoo.

Dada yako


Kambi ya Barabara,
11 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza Mama akikuita shangazi, mwombe urithi. Pili nipe pole na hongera kwa pamoja. Mto ulijaa, daraja la muda likaenda, na mimi nikapandishwa cheo. Sasa ni mpishi mkuu, nina watu chini yangu, mmoja wao hajui kutofautisha chumvi na magadi lakini ana moyo. Injinia mkuu amesema mbele ya watu kwamba bila mimi barabara hii ingekuwa bado uchochoro. Kwa hiyo likizo imesogezwa kidogo. Mtu mkubwa haondoki hovyo, kofia ikiwa nzito shingo nayo hukaa.

Macho yanataka maini. Mpe maini, karoti, mboga za majani, asubuhi na jioni. Kuna fundi wa mitambo hapa, mjomba wake alikuwa haoni kabisa, akala maini, sasa anaendesha baiskeli. Nimemhoji sana, hakuongopa, labda kidogo.

Na lile la kitabu, mwambie baba yake amesema aanze changu. Sasa hivi. Mwambie ni amri. Asipotaka, vifiche vya walimu, vitupe juu ya dari, sema panya wamevila. Ila sababu usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Breki anapiga honi, anasema leo lori limegoma kuzima kwa hiyo hawezi kusimama sana.

Kaka yako


Nyumbani,
30 Julai

Kaka,

Mama anakusalimu kwa methali, naiandika kama alivyoisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hajui lolote kuhusu macho. Anazungumzia likizo tu.

Amri yako nilimpa. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Mwambie baba asinifundishe jambo halafu alivunje mwenyewe. Hana subira, mzee yule." Nikajaribu la panya. Akaniambia nisiwasingizie panya, na kwamba kitabu cha Mkuu hawezi kukiacha katikati kwa sababu kila asubuhi Mkuu anamsubiri getini na kumuuliza amefika wapi. Yule ambaye hajakifungua anamuuliza aliyefungua! Nadhani anataka kujua hadithi inavyokwenda. Na Chiriku anamsimulia kwa adabu zote, ingawa amenong'ona kwangu kwamba yule kijana mwenye tabia njema anamtia usingizi.

Wiki ya mitihani mwalimu wa hesabu alimrudishia karatasi yake na kumsimamisha mbele ya darasa, kwa sababu majibu yalikuwa yanapanda juu ya mistari na mengine yameandikwa juu ya mengine. Alimwita mchafu wa kazi. Niliposikia, sikuweza kuvumilia. Niliingia chumba cha walimu nikawaambia wote. Nisamehe au usinisamehe.

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelizima. Mwalimu wa hesabu alitoka akaenda kusimama kwenye bomba la uani, amelifungua, hanawi. Halafu ndipo waliponishangaza. Nilidhani wataniuliza watasaidia nini. Wakaanza kubishana ni riwaya ipi inastahili kuwa ya mwisho. Kaka, walibishana kwelikweli, watu wazima, wengine na machozi machoni, wa jiografia akipiga meza akisema mtoto hawezi kuingia gizani bila kuisoma ya kwake. Kila mtu alimaanisha mema. Mkuu alisema, kwa upole, "Basi amalize changu kwanza, yuko karibu."

Mwalimu wa hesabu alirudi mlangoni, mikono imelowa. Akasema aachishwe vyote apewe cha baba yake. Nikasema hataki, anakiweka mwisho. Akasema, si umwambie kwa nini hakuna mwisho mwingine. Nikasema baba yake amekataza. Wote wakanitazama.

Si utii, Kaka. Hilo wameliona. Mimi pia naogopa, na nimejificha nyuma ya neno lako kama mtoto nyuma ya gauni. Lakini gauni lenyewe liko mbali. Utakuja lini? Barabara hiyo ina mwisho?

Dada yako


Kambi ya Barabara,
25 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea. Mimi niko vilevile, kitambi kimetulia. Methali ya Mama nimeipata, mwambie iko tumboni inasagwa.

Vitunguu vya huku msimu huu ni vikali. Mpishi analia kuanzia asubuhi na hakuna anayemuuliza kitu, ndiyo raha ya kazi yangu.

Hao walimu wako usiwalaumu. Mtu akiwa na kitu kimoja kizuri anataka kukitoa, hata kama aliyepewa ameshiba. Nami ni hivyohivyo.

Nataka kukuuliza. Rangi bado anaziona? Yale maua mekundu ya ukuta wa jirani, anayasema? Akiangalia mlangoni mtu akiingia, anamtambua kwa uso au anangoja sauti? Usiniandikie marefu, niandikie hilo tu.

Septemba mwishoni nadhani nitakuja.

Kaka yako


Nyumbani,
17 Oktoba

Kaka,

Mama yuko kitandani, si vibaya sana. Paa jipya linavuja. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Uliniuliza kuhusu maua na uso, sikukujibu. Nilikuwa nasubiri Septemba yako.

Wiki iliyopita, Jumamosi baada ya kufua, Chiriku alikuwa amemaliza kitabu cha Mkuu, kurasa za mwisho akisomewa na wenzake shuleni kwa kuwa zilimtia usingizi. Alikuja jikoni anapiga makofi kwamba yule kijana mwema hatimaye ameoa na kila mtu apumzike. Akasema sasa ni zamu ya nyama. Ndivyo alivyosema. Akanawa mikono, akakitoa cha kwako chini, akavuta kiti mpaka uani kwenye jua kali, akakaa. Nilisimama dirishani na sahani mkononi.

Alifungua. Akakisogeza. Akakigeuza kwenye mwanga, akapangusa ukurasa kwa kiganja. Akaenda ukurasa wa mbele, akarudi. Kisha akaniita, wala hakuwa na hofu, alikuwa anamsikitikia mtu. "Shangazi, kitabu cha baba kimefutika. Mvuke wa masufuria umekula wino wote. Maskini, hakujua, amenitumia karatasi tupu."

Nikasema ndiyo, kimefifia.

Hilo ndilo nililosema. Mwalimu wa miaka yote hii. Nilisema ndiyo, mvuke ni mbaya kwa vitabu.

Akacheka, akasema atakuandikia akutanie. Akaingia ndani achukue cha Mkuu alinganishe, anioneshe wino mzuri unavyokuwa. Nilimsikia anakifungua. Nikasikia anafungua cha hesabu. Cha jiografia, juzuu ya kwanza, juzuu ya pili. Alivifungua vyote, Kaka, kimoja baada ya kingine, nami nikiwa nimesimama na sahani ileile. Alipotoka alikuwa anashika ukuta kama Mama.

Aliuliza, "Baba anajua?"

Nikasema anajua.

"Tangu lini?"

Nikasema tangu kabla ya kitabu.

Hajanipigia kelele, ningependa angepiga. Jina lake limekuwa uongo, ndani ya nyumba hii hakuna chiriku. Walimu wamekuja mmoja mmoja kutaka kumsomea. Mwalimu wa hesabu alikaa sebuleni alasiri nzima na kitabu chako magotini, akaondoka bila kukifungua. Nami nilijaribu, nikasoma mstari wa kwanza, wa yule mtu akimfunga nyumbu kamba. Aliziba masikio.

Jana nilimwambia naandika barua, baba yake atakuja kumsomea yeye mwenyewe. Hapo ndipo aliposema maneno mengi kuliko yote tangu siku ile. Alisema, "Kitabu mtu yeyote anaweza kunisomea. Uso wake nani ataniangalizia?" Nikamwambia basi nitakuandikia uje upesi. Akasema, "Mwambie hakuna haraka tena."

Sasa lingine, na nilikuwa nimeapa kutolisema. Breki aliniambia. Alikuwa anadhani najua. Aprili ulipewa likizo. Ulipanda naye na begi lako na ndoo ya asali ya Mama, ukampigia hadithi njia nzima, mkafika njia panda, akasimama kuchimba dawa, aliporudi ulikuwa umeshuka. Ulimwambia umesahau kitu kambini. Siku zile Chiriku alikuwa bado anaona maua ya jirani, Kaka. Alikuwa anayahesabu kutoka dirishani. Angekuona.

Sikuandikii ili ukane. Njoo tu, hata sasa. Usiniandikie tena.

Dada yako


Njia Panda,
9 Desemba

Mdogo wangu,

Umesema nisiandike, lakini barua hii si ya kambini. Niko njia panda, kwenye kibanda cha chai, na begi. Chai yao ni maji yaliyosikia habari za majani. Nimewaelekeza namna ya kuipika, wamenitazama tu.

Niko hapa tangu jana. Basi la asubuhi lilikuwa limejaa. La pili dereva wake alikuwa na macho mekundu, sikumwamini, nina jukumu, mimi ni baba. Nimekaa kwenye benchi nafanya mazoezi ya kusoma. Kitabu mnacho ninyi, kwa hiyo nasoma kutoka kichwani, kidole juu ya goti, mtu anamfunga nyumbu kamba, kioo kimeviringishwa blanketi. Nitaanza hapo. Akiziba masikio nitasoma nikiwa mlangoni. Nikifukuzwa mlangoni nitasoma uani, Mama anisikie. Mimi nasoma polepole, wewe unajua. Kitabu kile kilinichukua mwaka, na safari hii sina sufuria jikoni.

Uso wangu nimeuangalia kwenye kioo cha lori hapa, niweze kumweleza akiuliza. Umezeeka. Nimekata ndevu nikajikata na shavu. Sijui mtu anaelezaje uso. Nilimzoea yule mtoto akinitazama kutoka chini ya meza, ananiona mkubwa kuliko kila kitu duniani, mpishi wa mataifa. Mtu akikutazama hivyo, mdogo wangu, unawezaje kwenda kumwambia

Breki amefika. Anakuja huko kwenu moja kwa moja, atalala njiani na kesho mchana yuko mlangoni kwako. Amekunywa chai ile bila kulalamika. Kiti cha mbele kiko wazi, amekipangusa. Nimempa barua hii itangulie, na ndoo ya asali ya Mama, ile ya Aprili, imeganda lakini asali haiharibiki.

Chiriku usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Nafuata na gari la kesho.

Kaka yako